Likizo ya Mwenye Duka: Mapumziko ya Wafanya Biashara Wadogo katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Neno likizo, kama litumikavyo katika Kiswahili, lina mambo mawili ndani yake ambayo hayaonekani upesi. La kwanza ni kuacha kazi kwa muda. La pili ni kuwako kwa mtu mwingine anayetoa idhini ya kuiacha. Asili yake ni kitendo likiza, ambacho watu wa pwani wamekitumia kwa kumwachisha mtoto ziwa, na kadhalika kwa kumruhusu mtu aondoke kazini. Katika matumizi yote mawili yuko mwenye kulikiza na yuko mwenye kulikizwa. Ndiyo maana karani, mwalimu, askari na mwanafunzi husemwa kwamba wamepewa likizo, au, kama walivyosema wengi katika wakati wa utawala wa Kiingereza, wamekwenda livu. Mwenye duka dogo hasemwi hivyo kwa urahisi. Asipokuwapo, jirani zake husema kwamba amefunga, au amesafiri, au amekwenda kwao, au kwamba yupo mwanawe. Neno pumzika, litokalo katika pumzi, halihitaji mtoaji, na kwa hiyo lamfaa zaidi. Walakini pumzi moja ni kitu kidogo, na mwezi mzima ni kitu kingine.

Tofauti hiyo ya lugha yaeleza jambo la historia. Mwenye duka ni bwana wa nafsi yake. Hapana wa kumkataza kuondoka, na kwa sababu iyo hiyo hapana wa kumruhusu. Mshahara wa karani haukatiki akiwa kwao, bali pato la mwenye duka hukoma saa ile mlango unapofungwa. Kodi ya nyumba haikomi, wala deni halikomi, na mnunuzi aliyeukuta mlango umefungwa leo huenda kesho akazoea mlango wa jirani. Swali, basi, ni hili: katika pwani ambayo imeishi kwa biashara karne nyingi, watu wa namna hii walipumzika vipi? Majibu yaliyopatikana yaweza kukusanywa katika vitendo viwili, kufunga na kuachia. Ama wote hufunga pamoja, ili pasiwe na mmoja apatae hasara peke yake. Ama mmoja huondoka na kumwachia mwingine ufunguo.

Kabla ya vitendo hivyo viwili yafaa kutajwa upepo, kwa maana ndio uliopima urefu wa safari zote. Upepo wa kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba mpaka Machi, na vyombo vya Bara Arabu, vya Ghuba na vya Bara Hindi vilikuja nao. Kusi huanza kushika mwezi wa Aprili, na vyombo hivyo vilirudi nao. Kati ya pepo hizo huwa malelezi, wakati ambao mabaharia huuita tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna upande uliothibiti. Aliyeondoka Unguja au Lamu kwa kusi kwenda Shihr au Maskati hakutazamiwa kurudi kabla kaskazi haijaanza tena. Na aliyekuja kwa kaskazi akachelewa kumaliza shughuli zake mpaka kusi ikapita, alikaa mwaka mwingine. Hesabu ya siku ilijulikana na wote, kwani watu wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua, wenye kuanza kwa Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na kwa mwaka huo walipanga kulima na kusafiri.

Safari ya namna hiyo haikuwa mapumziko kwa maana ya siku hizi. Mtu alikwenda kutazama wazazi, kuoa, kuhiji, kulipa deni na kununua mali, yote kwa safari moja. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo mwenye duka wa leo hana: muda wake haukuwa shauri la msafiri peke yake. Mkopeshaji, mshirika na mke walijua kwamba asiyerudi Julai hakukimbia, maana hapakuwa na upepo wa kumrudisha. Upepo ndio uliolikiza, na upepo ndio uliorudisha kazini.

Ufungaji wa pamoja nao ulikuwa na kalenda yake, na hapa lugha yenyewe ni shahidi. Kitendo funga hutumika kwa mlango, kwa hesabu na kwa saumu. Katika hesabu ya miezi ya pwani, mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, na unaofuata huitwa Mfunguo Pili, na kuendelea hivyo mpaka Mfunguo Tisa, ndipo waja Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mwaka mzima, kwa hiyo, hupimwa kwa kufunga na kufungua. Katika mwezi wa saumu saa za biashara hubadilika: mchana huwa mzito, na usiku masoko huamka. Siku kuu ya Idi inapofika milango hufungwa, na hapana ajionaye kuwa amepoteza mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi mwenyewe yuko nyumbani kwake. Siku ya Ijumaa ni namna nyingine ya jambo lilo hilo. Kurani, katika sura ya Ijumaa, yaamrisha kuacha biashara wito wa sala unapotolewa, na baada ya sala yaruhusu watu kutawanyika na kutafuta riziki. Ijumaa ya pwani kwa desturi hiyo si siku nzima ya kupumzika. Ni mlango unaofungwa kwa saa chache na wote, kisha ukafunguliwa na wote.

Wafanya biashara wa Kihindu waliotoka Kachi, Kathiawar na Gujarat walikuja na kalenda yao. Kwao mwaka wa biashara hufungwa kwa Diwali, katika Oktoba au Novemba. Madaftari ya zamani hufungwa, mapya hufanyiwa ibada mbele ya Lakshmi, na kwa desturi maduka hukaa bila kufunguliwa mpaka Labh Pancham, siku ya tano ya mwezi mpya, ambayo jina lake lina maana ya tano ya faida. Desturi hii ilivuka bahari pamoja na wenyewe, ikaonekana katika miji ya Afrika ya Mashariki walimokaa. Jambo la kutazamwa hapa ni jinsi mapumziko yalivyounganishwa na hesabu. Mwenye duka hakuacha kazi kwa sababu amechoka, bali kwa sababu daftari limekwisha. Na jambo ambalo mtu mmoja angeona haya kulifanya kwa ajili ya uchovu, jamii nzima ililifanya kwa ajili ya heshima ya mali.

Faida ya kufunga pamoja ni kwamba haimdhuru mmoja. Upungufu wake ni kwamba siku ni chache na hazichaguliwi. Mama hafi kwa kungoja Idi, wala ndoa ya ndugu haingoji Diwali. Kwa mambo hayo pwani ilitumia kitendo cha pili, kuachia, nacho ni cha kale pia. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, ameeleza desturi aliyoiona Mogadishu. Chombo kilipofika, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo wakiwa na chakula kilichofunikwa, na kila mmoja alimpa tajiri mmoja katika waliomo chomboni, akatangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tajiri huyo alikaa katika nyumba ya mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia mali yake na kumnunulia alivyohitaji. Biashara iliyofanywa na mgeni bila mwenyeji wake kuwapo haikukubaliwa. Habari hii hutajwa mara nyingi kwa kuonyesha ukarimu. Lakini yaonyesha kadhalika kwamba mji ulikuwa umekwisha kuzoea mtu kuuza mali ya mwingine kwa jina la mwingine, na kwamba dhamana ya jambo hilo haikuwa karatasi bali nyumba ya mtu na sifa yake.

Maneno ya kazi hiyo yamebaki katika lugha: wakili, wakala, mshirika, amana, dhamana. Yote yana asili ya Kiarabu, na yote yalikuwa maneno ya kadhi na ya soko kabla ya kuwa maneno ya ofisi. Katika karne ya 19, Unguja ilipokuwa makao ya Seyyid Said, hata nyumba kubwa kuliko zote ziliendeshwa kwa njia hiyo. Jairam Sewji, Mbhatia wa Kachi ambaye nyumba yake ilikodi forodha ya Unguja, alirudi Kachi katika miaka ya 1850, na kazi ya Unguja ikawa mikononi mwa Ladha Damji, aliyeiongoza mpaka alipofariki mwaka wa 1871. Chini ya nyumba kama hizo walikuwako Wabaniani wadogo wadogo, ambao katika sehemu kubwa ya karne hiyo walikuja bila wake zao, wakakaa miaka kadhaa, kisha wakarudi kwao na kuwapisha jamaa zao. Mapumziko yao, kama yaweza kuitwa hivyo, yalikuja mara moja kwa miaka mingi, na yalikuja kwa sababu kijana mwingine amekwisha kushuka chomboni.

Mwenye duka mdogo alikuwa na shida moja ambayo tajiri mkubwa hakuwa nayo kwa kadiri ile ile. Mali iliyokuwa katika rafu zake aghalabu haikuwa yake. Nguo na shanga zilitoka Bombay na Ulaya kwa mkopo mpaka nyumba kubwa za Unguja. Kutoka Unguja zilikwenda kwa mkopo Bagamoyo, Pangani au Kilwa. Na kutoka huko zilikwenda bara kwa mkopo. Mlango wa duka, kwa hiyo, ulikuwa ukitazamwa na watu wa namna mbili. Mnunuzi aliutazama ili anunue, na mdai aliutazama ili ajue kama mdeni wake yungali hai katika biashara. Duka lililofungwa siku moja lilikuwa ni duka lililofungwa. Lililofungwa wiki moja bila sababu iliyojulikana lilizua neno filisika. Kuacha mtu ndani, hata asipouza kitu, kulikuwa ni kutangaza kwamba mwenyewe atarudi. Hapa ndipo methali ya pwani, mali bila daftari hupotea bila habari, ilipokuwa sheria ya kazi: aliyeachiwa ufunguo aliachiwa na daftari, na siku ya kurudi mwenyewe ilianza kwa hesabu kabla ya kuanza kwa mazungumzo.

Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut walioitwa kwa jina la bandari ya Shihr, waliifanya desturi ya kuachia kuwa zamu. Katika karne ya 20 wengi wao walikuwa na vijiduka vya vyakula na mikahawa katika Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani. Duka moja liliweza kuwa la ndugu wawili au la mtu na mjomba wake. Mmoja alikaa kaunta na mwingine alikuwa Hadhramaut kwa mke na watoto, na baada ya mwaka au zaidi walibadilishana. Kwa njia hiyo duka halikufungwa, na watu wote wawili walipata kwenda kwao. Walakini yaonekana wazi gharama yake. Faida ya duka moja ililisha nyumba mbili, na ndugu hao wenyewe, ambao walikuwa washirika katika kila kitu, walikutana muda mfupi tu kila zamu ilipobadilika, mmoja akishuka na mwingine akifunga mzigo.

Reli ilipofika ziwa la Victoria mwaka wa 1901, na miji midogo ya bara ilipoongezeka, duka la familia lilikwenda mbali na pwani. Huko jamaa walikuwa wachache na majirani wa kazi hiyo walikuwa wachache zaidi. Nyumba ya kawaida ilikuwa duka mbele na makao nyuma, na mlango mmoja katikati. Mlango wa barabarani ulifungwa jioni, lakini aliyehitaji mafuta ya taa au dawa ya homa aliweza kugonga upande wa nyuma, naye hakukataliwa, kwa kuwa biashara haigombi. Katika nyumba kama hiyo maana ya kufunga yenyewe ilipungua, na kuachia kukawa na jina moja tu, nalo ni mke. Leseni iliandikwa kwa jina la mume. Mume aliposafiri kwenda kununua mali, au kuugua, au kuzika, aliyesimama nyuma ya meza ni mke, na watoto waliotoka shule walipima sukari. Katika maandishi ya biashara za wakati huo wanawake hawa hawaonekani sana, lakini bila wao mwenye leseni asingeweza kuondoka hata siku tatu.

Jambo hili ndilo lililo zito katika historia yote ya kuachia. Ufunguo uliokabidhiwa haukupunguza kazi, uliihamisha. Mapumziko ya tajiri yalikuwa zamu ya mshirika, ya mume yalikuwa zamu ya mke, na ya mjomba yalikuwa zamu ya mpwa aliyeletwa kutoka ng'ambo kwa chakula, malazi na ahadi ya kufundishwa kazi. Mpwa huyo aliweza baadaye kufungua duka lake, na ndipo naye akatafuta wa kumwachia. Mke hakuwa na wa kumwachia.

Sheria za kazi zilipokuja zililiona jambo hili, na zikalipita. Mwaka wa 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 52 juu ya likizo ya mwaka yenye malipo. Mkataba huo ulitaka mfanyakazi apewe angalau siku 6 za kazi kila mwaka, baada ya kutumika mwaka mmoja mfululizo. Maduka na kazi za biashara yalitajwa ndani yake. Lakini serikali ziliruhusiwa kuwatoa katika hesabu watu wanaofanya kazi mahali ambapo hapana wafanyakazi ila jamaa za mwenye mali. Mkataba namba 106 wa mwaka wa 1957, juu ya mapumziko ya kila wiki katika biashara na ofisi, nao uliziruhusu serikali kuziacha nje nyumba za biashara za namna hiyo. Sababu yaweza kufahamika, kwani ni vigumu kwa mkaguzi kuingia kati ya baba na mwanawe. Lakini matokeo yake ni kwamba duka la familia lilibaki nje ya maana mpya ya likizo kwa pande zote mbili: mwenyewe kwa kuwa si mtumishi, na jamaa zake kwa kuwa ni jamaa. Hali hiyo haijageuka sana. Sheria ya Tanzania ya mwaka wa 2004 yampa mwajiriwa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, na ya Kenya ya mwaka wa 2007 yampa siku zisizopungua 21 za kazi. Zote mbili zamzungumza mwajiri na mwajiriwa. Mwenye duka asiyeajiri mtu hana kifungu chake.

Kwa hiyo wafanya biashara wadogo wa nyakati za karibuni wamerudia njia za zamani, na mfano ulio dhahiri kuliko yote watoka Kilimanjaro. Wachaga wengi wana maduka katika Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, hata mangi, ambalo kwa Kichaga ni jina la mtawala, limekuwa neno la kumwitia mwenye duka la mtaani. Mwezi wa Desemba unapofika wengi wao hupanda kwenda kwao kwa Krismasi na mwaka mpya, na watu wa mjini husema kwa utani kwamba wamekwenda kuhesabiwa. Katika utani huo mna ukweli wa historia. Mwenye duka huyo huondoka kwa kuwa wenzake wanaondoka, na kwa kuwa ukoo unamtazamia. Mnunuzi wake ajua kwamba mlango utafunguliwa Januari, na mdai wake ajua vivyo hivyo. Ni kufunga pamoja kwa zamani, na wengine huchanganya na kuachia, wakibakiza kijana wa kuuza vitu vichache. Wapemba wenye maduka bara nao hufanya mfano wa hayo wanaporudi kisiwani kwa Idi.

Simu ya mkononi imeongeza jambo moja ambalo upepo wa kaskazi haukulijua. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka wa 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mwenye duka aliye mbali ameweza kulipwa na kulipa bila kuwapo, na baadaye kuona malipo ya mnunuzi mmoja mmoja yakiingia katika namba ya duka. Udanganyifu wa aliyeachiwa umekuwa mgumu kidogo, na safari fupi zimekuwa rahisi zaidi. Lakini msafiri wa kusi alikuwa hafikiwi na habari za duka lake mpaka arudi, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Msafiri wa leo hufikiwa saa zote, kwa hiyo huulizwa bei ya unga akiwa matangani.

Katika miaka hii husikika pia usemi kujipa likizo, hasa kwa watu wanaojiajiri wenyewe. Wenye kutunga kamusi hawana budi kuuangalia, kwa sababu unajaribu kujaza nafasi ambayo likiza iliiacha wazi: anayetoa na anayepewa wamekuwa mtu mmoja. Historia iliyoelezwa hapa haiukatai usemi huo, ila yaonyesha kwamba haujatimia. Hapana mwenye duka wa pwani aliyepumzika kwa idhini yake mwenyewe tu. Alipewa nafasi na upepo uliojulikana na mdai wake, au na jirani aliyefunga siku moja naye, au na ndugu, mke na mpwa waliobaki na ufunguo. Pale ambapo vyote hivyo vilikosekana, katika mji mdogo usio na jamaa wala siku kuu ya wote, mtu aliyekuwa huru kuliko karani ndiye aliyekaa dukani miaka mingi kuliko karani bila kuondoka.